Sekunde Kumi na Sita za Kuvuka

4 Februari

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeipata, na nimecheka peke yangu ofisini mpaka mchoraji wa meza ya pili akaniuliza kama nimepandishwa cheo. Nyonga inaendeleaje? Kaka aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unatembea bila kushika ukuta, lakini kaka ni mtu wa kupamba mambo, ndiyo maana nataka nisikie kutoka kwako. Simu najua huitaki. Ulisema inakupigia kelele sikioni na neno husikii, basi tuendelee na kalamu.

Umeniuliza mambo mawili kuhusu barabara ya mbele ya kwako. Upana wake tukimaliza ujenzi utakuwa mita kumi na nane, ukingo hadi ukingo. Taa ya kijani ya waenda kwa miguu itakaa sekunde kumi na sita, kisha magari yanaachiwa. Sijui unataka kuzifanyia nini namba hizo, ila nakujua: ukishapewa namba hutulii mpaka uikague.

Kuna jambo nimekuwa nikiliogopa, bora niliseme. Kile kijukwaa cha saruji ulichosimama miaka ishirini na saba na sare yako nyeupe ukiongoza magari, tumekivunja. Mchoro ni wangu, na aliyetia saini kivunjwe ni mimi.

Kazi yenyewe, Baba, ni kugawa shuka moja kwa watu watatu. Ukimvutia huyu, miguu ya yule iko nje. Waendesha baiskeli walitaka njia yao pande zote mbili, na wana haki, maana mwaka jana wamegongwa wengi. Kuipata hiyo njia ilibidi tuondoe kisiwa cha katikati, pale mtu alipokuwa anapumzika akisubiri upande wa pili. Wenye mabasi wanataka taa ya waenda kwa miguu iwe fupi zaidi, wenye maduka wanataka pa kuegesha. Wote wananitukana, na mkuu wa idara anasema hiyo ndiyo dalili kwamba nimegawa sawa.

Makubaliano yetu na daktari ni yale yale. Siku utakapoweza kwenda kliniki na sokoni mwenyewe, bila mtu wa kukushika, unatoka kwa kaka unarudi kwako. Chumba nimekifagia Jumapili na dirisha nimeliacha wazi kutwa nzima.

Bintiyo,
Rula (ndiyo, hata ofisini wameshalijua jina hilo la utani)


13 Februari

Binti yangu Rula,

Marahaba. Kijukwaa kuvunjwa ni sawa. Kilikuwa na ufa, mvua ikinyesha maji yanaingia viatuni. Usihuzunike kwa niaba yangu kabla sijahuzunika mwenyewe.

Mimi ni mzima. Chakula ninakula. Mke wa kaka yako ananiheshimu kupita kiasi, na hapo ndipo penye tabu. Nikiinuka, watu watatu wanainuka. Nikikohoa, maji haya hapa. Hata kuku wa nyumba hii wananipisha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nina mwezi wa nane na jembe sijaliona. Asubuhi nakaa kwenye kiti, kiti kinasogezwa kufuata kivuli, jioni kinarudishwa ndani, nusura nami nikiwa bado juu yake.

Sekunde kumi na sita unazijua wewe uliyesoma. Mimi sikuwa na sekunde. Nilikuwa namtazama mtu wa mwisho mpaka akanyage ukingo, ndipo naachia magari. Dereva akipiga honi, namwongezea muda wa kutafakari.

Nina swali jingine. Ukingo wenu una kimo gani, na je, umeinamishwa mahali pa kuvukia, mtu apande bila kuinua mguu sana? Naulizia tu. Usianze kutafuta sababu.

Na nataka niliseme wazi, usije ukasema Baba hakusema. Nataka kurudi kwangu. Nataka niamke, nifungue dirisha langu mwenyewe, nivuke, ninywe chai na wale wenzangu wanaoiba kwenye drafti, nipitie sokoni, nirudi. Upande wangu wa barabara kuna kitanda tu na duka la fundi cherehani. Maisha yote yako ng'ambo. Si jambo kubwa ninaloliomba. Ni mita kumi na nane.

Baba yako


25 Februari

Mdogo wangu,

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu nataka usome mpaka mwisho. Kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza hata salamu.

Barua yako ilipofika, Baba aliniomba futi ya kupimia. Nikadhani anataka kupima suruali. Akaenda uani, nyuma ya karakana, akaniambia nipigilie vigingi viwili na kufunga kamba katikati, mita kumi na nane, isizidi wala isipungue. Unanijua, mimi ni seremala, kwenye kipimo sina mzaha. Nikapigilia.

Tangu siku hiyo hatuna amani. Asubuhi na jioni anasimama kwenye kigingi cha kwanza na mkongojo wake, saa ameishika kiganjani. Mke wangu anapunga kitambaa cha kijani, maana akiita hasikii, na Baba anaondoka. Siku ya kwanza, sekunde ishirini na nne. Akapumzika, akarudia: ishirini na nne. Wiki nzima ndiyo hiyo hiyo. Jana zimekuwa ishirini na tatu, hakuna aliyethubutu kumpongeza. Nilimkuta amekaa juu ya mbao zangu, amejishika paja, midomo imekauka. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema, "Dada yako amesema kumi na sita."

Sasa nakuomba kitu. Ongeza sekunde. Namba hiyo iko mikononi mwako. Ziwe ishirini na nne, magari hayatakufa.

Nami sitakuficha: nampenda Baba, lakini nataka arudi kwake. Wateja wangu anawapanga foleni. Juzi amelirudisha lori la mbao barabarani kwa sababu liliingia getini upande usio wake, na dereva akatii. Ila si kwa hilo tu. Mtu huyu kwangu anachakaa. Anazeeka kwa wiki kama wengine wanavyozeeka kwa mwaka.

Kaka yako


6 Machi

Kaka, shikamoo.

Nimesoma mpaka mwisho, mara mbili, bila kukukatiza.

Siwezi. Sikiliza kwanza kabla hujanuna. Taa zinazunguka kila baada ya dakika moja na nusu. Nikichukua sekunde nane kila mzunguko, asubuhi foleni ya mabasi inarudi nyuma mpaka lango la hospitali, na gari la wagonjwa linakwama hapo. Tumeshajaribu, nimeiona kwa macho. Na tumehesabu watu siku tano nzima kwa kamera mbili, tangu tulipofunga taa za muda. Tisini na sita kati ya mia wanavuka ndani ya sekunde kumi na sita. Namba haina undugu na mtu.

Na hata ingewezekana, ningesemaje? Kwamba nimeongeza kwa sababu ni baba yangu? Kesho mwenye mabasi atasimama aseme naye ana mama. Baba huyo huyo alimwandikia mjomba faini mbele ya harusi nzima. Akijua nimempendelea hatanisamehe.

Lakini sina raha, Kaka. Natembea ofisini kutoka dirishani hadi mlangoni, mchoraji ameniambia nitatoboa sakafu. Naenda pale makutano mchana, nasimama, nahesabu, narudi, kisha nasahau nilikwenda kufanya nini. Kamati inakutana mwisho wa mwezi kupitisha muda wa taa moja kwa moja, na wenye mabasi wanataka kumi na nne. Ninachofanya sasa ni kuzilinda hizo kumi na sita zisiliwe.

Usimwambie kwamba nimekataa. Mazoezi ni mazuri, daktari mwenyewe aliyasema. Mtie moyo tu.

Mdogo wako


19 Machi

Binti yangu,

Naandika taarifa.

Leo saa mbili na dakika kumi asubuhi, hali ya hewa kavu, ardhi ngumu, mwanamume mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, akitumia mkongojo mmoja, alivuka kutoka kigingi cha kwanza hadi cha pili uani kwa kaka yako kwa sekunde kumi na sita. Shahidi ni mkamwana wangu. Zoezi lilirudiwa saa kumi na moja jioni, matokeo yakawa yale yale. Mwanamume huyo hakukimbia.

Kaka yako ameshakueleza habari za kamba, najua, maana hana siri zaidi ya siku tatu. Mimi sikutaka ujue kabla sijafika kwenye namba yako. Sasa nimefika. Idadi ya hatua siiandiki, haina faida kwako.

Naomba unipe tarehe.

Baba yako


27 Machi

Baba yangu, shikamoo, na shikamoo tena.

Barua yako niliisomea ngazini, nikaketi hapo hapo nikaisoma tena. Mabegi yako yafungwe. Njoo tarehe nane, basi la asubuhi, nitakuwa stendi kabla halijazima injini.

Lakini kuna kubwa zaidi. Jana kamati imekaa. Mwakilishi wa wenye mabasi alikuja na makaratasi yake ya kutaka kumi na nne. Nikatetea kumi na sita kwa takwimu zangu. Ndipo akasimama muuguzi wa ile kliniki ya ng'ambo, mama mmoja mtulivu ambaye hajawahi kusema neno kikaoni, akasema hata kumi na sita ni chache. Akauliza: mzee mwenye mkongojo atafikaje? Wakanitazama mimi.

Barua yako ilikuwa ndani ya faili, Baba. Sikupanga. Nikaitoa, nikaisoma yote, kuanzia hali ya hewa kavu. Walicheka mpaka mwenyekiti akafuta miwani. Wapo waliokukumbuka, mmoja akasema, "Yule afande wa makutano? Basi kama yeye anafika, kila mtu anafika." Hata muuguzi akakaa. Kura zikapigwa, sekunde kumi na sita zikapita bila kupingwa, na mwakilishi wa waendesha baiskeli akanipa mkono, naye kwa kawaida hata salamu hanipi. Imeshaandikwa kwenye kumbukumbu. Taa za kudumu zinawashwa tarehe tano.

Umenishindia. Miezi mitatu napigana na watu, na aliyekuja kunimalizia kazi ni wewe, kwa mkongojo.

Bintiyo mwenye furaha,
Rula


7 Aprili

Mdogo wangu,

Barua hii anakuletea Baba mwenyewe mfukoni. Nimeibandika kwa gundi ya mbao. Nimekupigia simu mara mbili wiki hii. Ukapokea, nikaishia kukuuliza kama mvua imenyesha huko. Sasa naandika.

Baba hafikishi sekunde kumi na sita.

Ulisema nimtie moyo. Nikamtia moyo kwa nyundo. Siku barua yako ilipofika, alikuwa ameanguka pale kwenye kamba. Hakuumia, aliangukia goti, lakini alikataa kuinuliwa, akakaa chini kama dakika kumi akitazama kile kigingi cha mwisho. Kesho yake alipoingia kuoga, nikakisogeza. Mita moja tu, nikajiambia. Akapunguza sekunde, akala chakula chote siku hiyo, akamtania mke wangu. Basi nikasogeza tena. Mara ya tatu nikasogeza mpaka zikatimu kumi na sita. Kwa jumla ni mita nne na kitu. Mimi, ambaye nikikosea robo inchi kwenye mlango nauvunja upya.

Kwa barabara yako halisi, kwa hesabu yangu, anatumia ishirini na moja, siku mbaya ishirini na mbili. Amejitahidi kuliko kijana, lakini hapo ndipo mwisho wake.

Sikujua utaipeleka kwenye kamati. Kwangu ulikuwa ni uwanja wangu, na kamba yangu, na baba yangu. Nilimsomea barua yako kwa sauti, karibu na sikio, kwa kuwa alikuwa hana miwani, na nilipofika kwenye kura ndipo nikajua nilichokifanya. Baba akaomba nisome tena. Kisha akaenda uani, akang'oa vigingi vyote viwili, akavirudisha kwenye rundo la kuni. Tangu siku hiyo hajafanya zoezi. Nilifikiri kwamba kwake kazi imekwisha.

Usimwache avuke peke yake. Nitukane utakavyo, ila usimwache.

Kaka yako


23 Aprili

Kaka,

Nilikutukana, tena pale pale stendi, kimoyomoyo, huku nimeshika begi la Baba. Alinipa bahasha yako kabla hajanisalimia. "Kaka yako ameandika," akasema. "Soma." Nikasoma nimesimama. Akaniuliza kuna nini humo. Nikamwambia ni salamu tu. Akasema, "Salamu kurasa mbili," akaingia kwenye teksi.

Nitakueleza yote, usiwe na haraka ya kujitetea, maana hata mimi sina pa kujificha.

Siku tatu nilinyamaza. Nilijua namba ni ya uongo, nilijua ni mimi niliyeipitisha, na taa zilikuwa zimeshawashwa. Asubuhi nilimpitia Baba nikamvusha kwa gari, nikajifanya napita njia hiyo. Ofisini nilifungua faili nikalifunga. Naipenda kazi hii, Kaka. Nilijiambia nitasema wiki ijayo, nikishapata maneno mazuri.

Siku ya nne Baba alikuja ofisini kwetu. Alitembea upande wake wa barabara, bila kuvuka, mpaka mwisho, mwendo wa saa nzima, akapanda ngazi. Hakuja kwangu. Alimwomba karani ampeleke kwa mwenyekiti wa kamati, akatoa karatasi aliyoiandika kwa ule mwandiko wake wa polisi. Mwenyekiti akaniita nikaisome mwenyewe.

Ameandika kwamba anatoa maelezo kwa hiari yake. Kwamba uwanja wa mazoezi ulifupishwa, na kwamba aliyeufupisha hana hatia kwani alifanya kwa huruma. Kwamba yeye mwenyewe alijua siku ile ile, kwa sababu hatua zake zilikuwa thelathini na sita na ghafla zikawa thelathini na nne, mwisho zikawa ishirini na nane, na mtu aliyepima ajali kwa hatua zake miaka ishirini na saba hawezi kutoziona hatua nane. Sentensi ya mwisho ilikuwa hivi: "Nilinyamaza kwa kuwa nilitaka kurudi nyumbani. Sikujua kwamba barabara ya watu wote itajengwa juu ya uongo wangu."

Nilisoma mpaka hapo nikaomba radhi, nami nikasema ya kwangu: kwamba nimejua tangu stendi.

Mwenyekiti hakupiga kelele. Aliita kamati nzima, saa tisa tukakutana makutano. Alisema anataka kuona. Baba akasimama ukingoni pamoja na watu wengine waliokuwa wanasubiri kuvuka, watu wa kawaida tu wasiojua kuna kikao. Mimi nilikuwa ng'ambo, na saa. Taa ikawa kijani.

Kaka, nimepima barabara miaka tisa. Siku hiyo ndiyo nilitazama nyuso kwa mara ya kwanza. Baba alikuja na mwendo wake, tik, tak, hakuharakisha. Wengine wote walimpita mbio. Mama mjamzito ameshika tumbo kwa chini, anakimbia. Mchukuzi ana gunia begani, anakimbia kwa kuchechemea. Mwalimu ameshika daftari kifuani, kiatu kimemvuka, hakurudi kukiokota. Wote walifika ndani ya sekunde kumi na sita. Kamera zangu hazikukosea. Niliwahesabu kwamba wamevuka, sikuhesabu kwamba wamekimbia.

Taa ilipogeuka Baba alikuwa na robo ya barabara mbele yake. Madereva wakapiga honi zote, naye kwa masikio yale hakusikia hata moja. Alipofika kwangu aliniuliza, "Ngapi?" Nikamwambia ishirini na mbili. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa saa.

Tumekaa vikao viwili tangu siku hiyo. Nilipima watu mia tatu upya, safari hii nikiandika nani anatembea na nani anakimbia. Wenye mabasi wamekubali kukatwa kidogo, waendesha baiskeli wamekubali kusubiri nyuma ya mstari mpaka watu wapite. Imepita ishirini, na taa zinabadilishwa leo usiku. Niliomba ishirini na mbili, nikashindwa kwa kura mbili, kwa ajili ya lile lango la hospitali, na kwa haki siwezi kusema wamekosea. Mkuu wa idara amenipa barua ya onyo. Ninastahili.

Ila hesabu unaiona mwenyewe. Mama mjamzito sasa atatembea, mchukuzi atatembea. Baba hafiki. Nimemwambia nitamvusha kila asubuhi, akasema nina kazi yangu na makubaliano ni makubaliano: mwenyewe, bila mtu wa kukushika. Amesema uje Jumamosi umchukue. Begi amelifunga, amekaa kitandani na kofia kichwani, na leo ni Jumatano tu. Naandika huku nalia, usinicheke.

Mdogo wako


25 Aprili

Mwanangu fundi,

Usije Jumamosi. Barua hii nimempa dereva wa basi ili ikuwahi kabla hujaazima gari.

Kwanza, habari ya kigingi. Ulikisogeza, nikaona, nikanyamaza. Wewe ulitaka nifurahi, mimi nilitaka kurudi kwangu. Kesi hiyo nimeifunga, na wewe uifunge. Ila ukirudia kumpimia mtu vibaya kwa huruma, mimi mwenyewe nitakuja kukukamata.

Jana asubuhi begi lilikuwa mlangoni. Nikafungua dirisha, nikatazama watu. Nikaona wanatembea. Nilikaa muda mrefu nikiwatazama. Dada yako ameifanya kazi nzuri, mwambie, mimi nikimwambia analia.

Kisha nikatoka, nikaenda ukingoni. Taa ikawa kijani, sikuondoka. Ikawa kijani mara ya pili, mara ya tatu. Sikuwa naogopa magari, mwanangu. Nilikuwa natafuta maneno. Miaka ishirini na saba nimevusha watu pale. Vipofu, wajawazito, wazee kuliko nilivyo sasa. Wote walinyoosha mkono kwangu, na mimi nikaona ni jambo jepesi kwao, kumbe sikuwahi kujua lina uzito gani. Kuamuru nilifundishwa chuoni. Kuomba hakuna aliyenifundisha.

Kando yangu alisimama mwanamke mmoja anasukuma baiskeli, kikapu mbele. Nikamwambia, "Mama, naomba nikushike. Sekunde hazinitoshi."

Hakuniuliza mimi ni nani. Alihamisha baiskeli mkono wa kushoto, akanipa wa kulia. Tukaenda kwa mwendo wangu. Taa ilitugeukia tukiwa karibu na ukingo, akasimama kati yangu na magari mpaka nikapanda. Akaniambia hupita hapo kila siku saa mbili kasorobo, akapanda baiskeli yake akaondoka. Nilikunywa chai. Wenzangu wameniibia michezo miwili.

Dada yako atasema makubaliano yalikuwa mwenyewe, bila mtu wa kukushika. Nimeyavunja. Daktari akitaka anishtaki.

Nitumie godoro langu na kile kiti, bila mtu wa kukisogeza.

Leo saa mbili kasorobo nilikuwa nimeshafika ukingoni. Yule wa baiskeli alikuwa hajafika, basi nikamwomba mwingine.

Baba yako